Mimi nilifundwa na somo, yeye kafundwa na joto la Leeds

Kila mwaka ukifika mwezi wa 5 mume wangu hugeuka mtu wa hali ya hewa. Hata hajapiga mswaki kashika simu, anaangalia Met Office, wale watabiri wa hali ya hewa wa Uingereza, wametoa nini kuhusu sama, yaani majira ya joto ya huku, ile taarifa yao ya miezi mitatu mbele, alafu anakuja kunisomea kama anasoma barua ya posa. Mwaka 2025 alikuja mbio ati "wamesema uwezekano wa joto ni zaidi ya mara mbili ya kawaida" nami niko kwenye sinki nasugua sufuria ilioshika wali, nikamwambia haya, na uwezekano wa wewe kuosha hii sufuria wasemaje? Akacheka. Akaosha. Na nataka nianzie hapo kwa sababu tulipooana 2010 huyu bwana asingeiosha, na mimi nisingethubutu kumwambia.

Harusi yetu ilikuwa Kibokoni, Mombasa, na kabla yake niliwekwa ndani siku 7 na somo yangu, yaani kungwi wangu, hakuniachia hata usingizi. Nikafunzwa kufukiza udi, nikafunzwa kumpokea mtu mlangoni, usingoje aombe maji, ukiona kavua viatu maji yawe yashafika, ukikasirika meza, ukichoka usionyeshe. Toa, toa, toa. Sisemi ilikuwa mbaya, yule mama alinipa mengi ambayo mpaka leo nayatumia, lakini siku ya mwisho nilimuuliza, sasa yeye anafundwa na nani? Akanitazama kama nimeuliza samaki wanafundishwa kuogelea na nani. Akasema mwanamume hufundwa na mkewe. Yaani kazi nyengine hiyo nikaongezewa hapo hapo.

Miezi ya kwanza sikuona tatizo lolote, na hili watu wengi wa ughaibuni wanalisahau wakianza kusifu huku na kuponda nyumbani. Nyumba ya mavyaa, mamake mume wangu, ilikuwa na watu 9. Mimi nikichoka wifi yupo, wifi akichoka yuko binti wa mamdogo aliyekuja kusoma, asubuhi mahamri yananunuliwa kwa jirani na mbaazi mtoto anatumwa na bakuli. Mume wangu akirudi na fungu la samaki changu anamkabidhi mamake, nyumba nzima "ahsante baba", na mimi moyoni nasema mashallah nimepata mwanamume mtoaji. Na alikuwa mtoaji kweli. Ila alikuwa anatoa kilichoko mfukoni tu na mimi sikujua, kwa sababu vile vyengine, kuamka usiku, kushika mtoto, kuuliza mtu umekula, vilikuwa vinatolewa na wale wengine. Nyumba ya watu wengi inamficha asiyetoa, kama mchuzi mwingi unavyoficha kuwa nyama ni vipande vitatu.

Mtoto wa kwanza nilizalia Mombasa, arobaini nzima sikugusa jiko. Nakandwa na maji ya moto, naletewa uji wa pilipili manga, mtoto naletewa akitaka kunyonya tu. Wa pili nilizalia huku Leeds. Siku ya 3 nimesimama jikoni nakaanga mayai kwa mkono mmoja, mtoto begani, na huyu bwana karudi shifti, kaweka begi chini, kaniuliza, si kwa ubaya wallahi, kaniuliza tu vile alivyozoea, "leo tunakula nini?" Nikalia. Hakuelewa nalia nini, akafikiri nimekumbuka kwetu, akatoka na baridi yote ile akaenda kuninunulia kadi ya kupigia simu Kenya. Kadi ya pauni 5. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoa, na mimi nilichotaka ni ashike mwiko.

Sasa hebu niwaeleze hii nyumba maana bila kuijua hamtaelewa yanayofuata. Hapa Harehills, sehemu yetu ya Leeds, kuna mitaa na mitaa ya nyumba za matofali mekundu, za wafanyakazi wa zamani, zimejengwa zimepeana mgongo, yaani ukuta wako wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa mwenzio wa barabara ya pili. Huna uwani, huna mlango wa nyuma. Madirisha yako upande mmoja tu, chini sebule, juu chumba, juu zaidi chumba kingine chini ya paa, na chini kabisa kuna chumba cha ardhini walichokuwa wakiweka makaa zamani. Upepo ukiingia hauna pa kutokea. Fananisha na zile nyumba za Mji wa Kale, kuta nene za mawe ya matumbawe, dari iko juu huko, mlango wa mbele na wa uwani vinatazamana, hata Februari kaskazi likikaza ukifungua pande zote unasikia hewa inakupita miguuni. Ndio maana watu wa kwetu wananicheka nikisema tunakufa na joto Uingereza. Mamangu huniambia "digrii 30? si ndio ya hapa kila siku". Ndio mama, lakini wewe hapo una bahari na feni ya dari na baraza, mimi huku nimefungiwa ndani ya tofali lililowekwa lishike joto la winta, na majumbani kiyoyozi hakuna karibu kwa mtu yeyote.

Na jua lenyewe halizami. Juni hapa magharibi inaingia saa 4 kasorobo usiku. Ramadhani ya 2016 iliangukia humo humo, tukafunga karibu saa 19, wakati Mombasa ni kama 13 na nusu mwaka nenda mwaka rudi. Mavyaa anapiga wosapu, kwao inakaribia saa 6 ya usiku, "mshafuturu?" na sisi ndio kwanza tunashika tende. Nyumbani futari ni sahani zinapishana milangoni, unatoa kaimati unarudishiwa viazi vya rojo, mtoto anapelekwa na mkate wa sinia anarudi na tambi, huku kila sahani ni mimi. Siku moja saa 2 usiku nikakaa kwenye ngazi nikamwambia mimi siinuki. Akaingia yeye, akakaanga bhajia. Jamani zile bhajia. Nje zimeungua, ndani unga mbichi, mafuta mpaka ukutani. Na mimi nikafanya kosa ambalo nadhani wengi wetu tunalifanya na hatulisemi, nikainuka nikamnyang'anya mwiko, "wacha nifanye mwenyewe". Miezi na miezi hakugusa jiko tena, na haki yake. Somo hakuniambia kwamba kumwacha mtu aharibu bhajia nako ni kutoa.

Haya tufike 2022. Mliokuwa huku mnaikumbuka tarehe 19 Julai, pale Coningsby kule Lincolnshire ilifika digrii 40.3, haijawahi kutokea Uingereza tangu waanze kupima, na lile onyo jekundu la joto ndio walilitoa mara ya kwanza. Mimi maisha yangu yote Mombasa sijaiona 40, hata ule mwezi wa 2 na wa 3 ambao watu wanalala roshani ni 33, 34 hivi. Nilikuwa nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, natoka asubuhi, nalala mchana, na kulala kwenyewe ni kile chumba cha chini ya paa. Feni tulikuwa nayo moja na madukani zimekwisha, watu walibeba mpaka zile ndogo za mezani zinazopuliza kama mtu anayepoza chai.

Ugomvi wetu wiki ile ulikuwa wa madirisha. Mimi mtu wa pwani, joto likija nafungua kila kitu. Yeye kasoma maonyo kwenye simu kwamba mchana nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga madirisha na mapazia upande wa jua, ufungue usiku kukipoa. Nikamwambia wewe umerogwa, nani anafunga dirisha na joto hili? Yeye anafunga, mimi nafungua, yeye anafunga, watoto wanageuza shingo tu. Jumatatu asubuhi nimerudi kazini nikayafungua yote kwa makusudi, nikalala, saa 5 nikaamka nimerowa kama niliyetolewa baharini na chumba kimekuwa tanuri. Alikuwa sawa. Sikumwambia kuwa alikuwa sawa, mnanijua.

Jumanne narudi, nyumba giza, kimya. Kwanza nikaingia hofu. Alafu nikaona mlango wa kwendea chini uko wazi na kuna taa. Kumbe huyu bwana kaamka alfajiri, kafagia kile chumba cha ardhini kilichokuwa na baiskeli mbovu na maboksi ya nguo, kashusha godoro letu kutoka juu kabisa mpaka chini peke yake, kaweka feni, mbele ya feni kapanga chupa za maji alizozigandisha kwenye friji, na simu yangu ya zamani kaitegea alamu ya saa 9. Kaomba ofu, siku isiyolipwa. Watoto kawapeleka shule, na wakitoka atawapitisha bustani ya Roundhay wakae chini ya miti huko huko wasije wakanipigia kelele. Hakuacha hata mesej. Nililala kama maiti.

Sasa mngetarajia mke aliyefundwa siku 7 ashukuru. Nimeamka, nimepanda juu, naona dirisha la sebule limefunikwa kitambaa kilichoroweshwa maji, nakitazama vizuri, kisutu changu. Kisutu! Leso yangu ya harusi, ile nyekundu nyeusi na nyeupe, mamangu aliinunua Biashara Street, nilikuwa nimeitia sandukuni na karafuu miaka 12 siivai hata idi. Kaipigilia misumari, pembe na pembe. Na ule wekundu umeteremka mpaka kwenye ukuta mweupe wa mwenye nyumba.

Akarudi na watoto, uso umejaa furaha, anangoja kuambiwa neno, na mimi nikaanza na kisutu. Nusu saa nzima. Nikamwona anavyofifia, kama stima inapotaka kupotea, taa inageuka manjano kwanza. Akasema tu "ndicho kilikuwa kizito kushinda vyote" akaenda kuwaogesha watoto. Usiku nikiwa kazini, saa 8, nimemgeuza mzee mmoja kitandani kwake, jengo lote kimya, ndio likanijia lile godoro. Zile ngazi ni nyembamba na zina kona, tulipohamia lilitushinda watu wawili tukamwita jirani. Nikaandika mesej nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikatuma "ulilipitishaje pale kwenye kona?" Akajibu saa ile ile, kumbe naye hajalala, "nilitangulia mimi, lenyewe likanishukia". Nikacheka peke yangu kwenye korido mpaka mwenzangu akaja kuangalia kuna nini.

Ningeweza kuishia hapo niseme Ulaya imemfunza mume wangu kutoa, na wale wa kwetu wanaosema huku wanaume wanaharibiwa wangekuwa na la kujibu. Lakini Desemba 2024 tukaenda Mombasa.

Siku ya kwanza tu, mezani, akainuka kunichotea maji. Wifi zangu wakaangua kicheko, mmoja akasema "ehee, amempa limbwata gani huyu?" Utani, mimi mwenyewe nilicheka. Lakini yeye akakaa, na wiki tatu nzima hakuinuka tena. Kikombe chake anakiacha alipokinywea. Mtoto wetu wa kiume, ambaye Leeds anafua soksi zake mwenyewe, siku ya 5 naye akaacha kikombe. Hapo ndipo damu ikanichemka. Nikamtoa jioni tukaenda Mama Ngina, tukanunua mihogo na madafu, tukakaa tunatazama meli inaingia Kilindini, nikamuuliza, wewe ni yule yule au nimebadilishiwa uwanja wa ndege? Akanyamaza muda. Alafu akasema nikiinuka mimi, anayesemwa ni wewe. Nikamwambia sema wewe ndio unaona haya. Akasema yote mawili. Angalau hakunidanganya.

Kesho yake niko uwani na mavyaa, mimi nimekalia mbuzi nakuna nazi, yeye anachambua mchicha, sijui aliona uso wangu au aliambiwa, akaanza kunisimulia habari za marehemu mumewe. Miaka ile maji yakija mferejini yanakuja usiku wa manane, na hapo Mombasa bado ni hivyo hivyo mitaa mingi, watu wananunua madumu kwa mkokoteni. Basi yule mzee alikuwa anaamka yeye saa 9 ya usiku, anajaza mitungi na mapipa yote, alafu anarudi kulala kabla ya adhana. Miaka yote. Na alimwambia mkewe ukiulizwa sema umejaza wewe. Nikamuuliza, mama, mbona hukutwambia hata siku moja? Akasema "siri ya mume wangu, niitoe nimpe nani?"

Nilikaa na ile mbuzi nazi imenikauka mkononi. Sikujua nicheke au nikasirike. Kwa sababu mwanawe alikulia nyumba ile akiamka kila asubuhi anakuta mitungi imejaa, na hakuna hata siku moja aliyomwona babake ameshika ndoo. Alidhani maji yanajijaza. Alafu tunamlaumu ati hajui kutoa, angejulia wapi na mwalimu alikuwa anafundisha usiku watu wamelala?

Basi mimi maoni yangu ni haya na mnaweza kunipinga. Si kweli kwamba wanaume wa kwetu hawatoi na wa huku ndio wanaotoa, nimefanya kazi na wanawake Waingereza wanaolia kwenye chumba cha kubadilishia nguo vile vile kama sisi. Na si kweli kwamba huku maisha ya ndoa ni bora, huku ukigombana hakuna shangazi wa kuja na kahawa kuwakalisha kitako, jirani akisikia sauti anaita polisi, na ukizaa uko peke yako na mayai yako. Ningepewa nichague pa kuugulia ningechagua nyumba ya mavyaa bila kufikiri. Ila hii nyumba iliyopeana mgongo na mwenzie haina pa kujificha. Hakuna saa 9 ya usiku ya kujaza mitungi kwa siri, ukishusha godoro watoto wameliona linashuka, ukiacha sufuria wameiona imeachwa. Hilo tu ndilo ninalolipendea.

Turudi kwa sama. Ile taarifa si ahadi, haikwambii Jumamosi uanike nguo au usianike, inakwambia tu mizani imeegemea wapi. Wakati ule mwezi wa 5 mwaka 2025 mavyaa anatuma sauti "huku kusi limeshika, mvua kutwa, nguo hazikauki", na ndio mwezi wa mvua nyingi Mombasa, wavuvi washapandisha ngarawa, na huku sisi hatujaona tone, sipringi ile, miezi mitatu kabla ya sama, ilivunja rekodi ya jua Uingereza nzima. Alafu ikaja sama yenyewe, mawimbi manne ya joto, Yorkshire tukapigwa marufuku kumwagilia kwa mpira wa maji kuanzia Julai, na mwisho wakatangaza ndiyo sama ya joto kuliko zote tangu 1884, wastani digrii 16.1. Mombasa mcheke tu, cheko lenu, wastani huo umehesabu na usiku na milima ya Scotland. Mume wangu alitembea wiki nzima kifua mbele kama utabiri aliutoa yeye.

Januari iliyofuata theluji imelala nje mpaka kwenye kizingiti, akaingia na boksi, feni ya pili. Bei ya chini maana nani ananunua feni na theluji. Nikamwambia pesa umezichoka wewe, hata taarifa ya sama haijatoka. Akasema ikitoka zitakuwa zimekwisha. Sikumwomba hiyo feni, na sikuizungumza hata mara moja, nikamkumbuka somo yangu na maji yake ya mlangoni.

Aliyeibeba kuipeleka chini ni kijana wetu, hakuagizwa na mtu, kaigonga ukutani pale pale kwenye kona. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Na kisutu nishakihamisha sanduku, kiko mahali ambapo hata wakitafuta wote watatu hawakipati.